Shangazi, nimekaukiwa, na hapa Wete hakuna jipya la kuandika

Assalaam aleykum Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitoke, mana hapa kwetu mtu akipewa herufi mbili tu za jina keshajua nyumba, mlango na rangi ya pazia. Mie ni msichana, sijaolewa, nakaa Wete, Pemba, na mama na mdogo wangu wa kiume, na nafanya kazi kwenye steshenari ya watu karibu na maofisi. Kazi yenyewe ndo hiyo mnayoijua, fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, kulaminet vyeti vya kuzaliwa, kuwauzia watu umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, na zaidi ya yote kuwachapia watu barua zao. Barua za kuomba kazi, barua za kwa sheha, malalamiko ya mipaka ya shamba, madai ya kupeleka kwa Kadhi, mialiko ya harusi, yaani kila karatasi ya Wete nadhani ishapita kwenye vidole vyangu. Naingia asubuhi natoka magharibi imekaribia, nafika nyumbani nasaidia kupika, nala, nalala. Kesho tena. Hayo ndo maisha yangu Shangazi, na ndo tatizo lenyewe.

Napenda kuandika hadithi toka niko skuli, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akizisoma insha zangu mbele ya darasa mpaka wenzangu wakanichukia hahaha. Baadae n'kaingia kwenye grupu moja la WhatsApp la wapenda hadithi, wamo watu wa Unguja, Tanga, Mombasa, wengine wako Maskati na Dubai huko, n'kawa natuma vipande vipande usiku mama akishalala, watu wanangoja, wengine wanakupigia kabisa kukuuliza "kwani yule kafa au hakufa?" Raha yake siwezi kukwelezea. Na cha kuandika nilikuwa sikosi, kikiisha hiki kile kinakuja chenyewe.

Sasa kilichotokea. Mwaka jana n'katunga hadithi ya mwanamke ambae mumewe yuko Maskati, miaka inapita harudi, na kila Ijumaa asubuhi yule mwanamke anaitoa kanzu ya mume kabatini, anaipiga pasi, anaitundika mlangoni mpaka sala ya Ijumaa ipite, halafu anairudisha. Mwisho wa hadithi anaichukua ile kanzu anampa muadhini, na kesho yake anakwenda kwa Kadhi kudai talaka.

Mamdogo wangu, mdogo wake mama, mumewe yuko Maskati kweli. Na kanzu anaipiga pasi kweli, nimemuona kwa macho yangu toka mie mdogo. Lakini Shangazi wallahi nilichokichukua kwake ni kanzu tu! Mwanamke wa kwenye hadithi ni mrefu, mamdogo mfupi, yule hana mtoto, mamdogo anao watatu, yule ni mwalimu, mamdogo anauza mikate ya mofa. Na talaka hajadai, hajawahi hata kuitaja. Haya, mtu mmoja akaitoa hadithi kwenye grupu letu akaitia kwenye grupu jengine la mambo ya harusi, ikatoka huko ikafika Wete, ikafika mpaka Maskati kwa mume mwenyewe, akampigia mkewe kumuuliza "kumbe unataka kwenda kwa Kadhi?"

Mamdogo hakunigomba. Afadhali angenigomba. Hakusema kitu, ila haji tena kwetu, na mama akimpigia anapokea anasema "nna kazi". Mama kanambia umbea ni umbea tu hata ukiuandika kwa kalamu. Mie naona sikumsema mtu vibaya, tena yule mwanamke wa kwenye hadithi nimempenda kuliko wote niliowahi kuwaandika, na kusema kweli nimekasirika pia, kwa nini mtu anuniwe kwa kanzu?

Toka hapo sijaandika cha maana. Nafungua simu, naandika mstari, nafuta. Nikitazama huku na huku naona hakuna kitu, Wete ni ile ile, mvua, karafuu, umeme kukatika tukakaa kibarazani na wateja kungoja urudi, watu wale wale na maneno yale yale. Wenzangu kwenye grupu mmoja ni nesi, mwengine dereva wa malori anakwenda mpaka Lubumbashi, wao wana visa kila siku. Mie nna wino wa printa.

Dada yangu anakaa Dar, Mbagala, ananambia njoo huku, ukipanda daladala tu umeshapata riwaya. Ana watoto wadogo wawili na anataka mtu wa kukaa nao mchana, anasema ntaandika wakilala. Lakini bosi wangu nikiondoka atachukua mtu siku ile ile. Halafu kuna shindano la hadithi fupi nimeliona, nataka kuingia na muda unakwenda.

Niende Dar nikatafute ilhamu au nibaki? Na nikibaki niandike nini, kuhusu nani, ikiwa kila ninaemtazama ni ndugu wa mtu? Au ndo Mungu ananionyesha kuwa uandishi si fungu langu? Na naomba usinambie "soma vitabu zaidi", nasoma.

Mimi wa Steshenari, Wete

*

Waaleykum salaam mwanangu wa Steshenari, marahaba sana.

Haya, vitabu sivitaji. Ila nikwambie kilichonichekesha kwanza: mtu anaesema hana cha kuandika kaniandikia barua ambayo ndani yake mna kanzu, mna mume kapiga simu kutoka Maskati, mna dereva wa Lubumbashi na mna mamdogo anaepokea simu akasema "nna kazi". Lakini najua kwako si mzaha, na huo mstari wa wino wa printa nimeuona uchungu wake.

Nilivyokuelewa, unasema ilhamu imekauka kwa sababu maisha yako ni madogo na Wete haina visa, wenzako wana makubwa, kwa hivyo dawa ni kuhama. Sasa hebu tutazame mambo yalivyofuatana. Ulipokuwa ukituma hadithi usiku na watu wanakupigia, ulikuwa ukikaa wapi? Wete hiyo hiyo, mvua hiyo, karafuu hizo, na umesema kwa mdomo wako kuwa cha kuandika ulikuwa hukosi. Kilichokuja hapo katikati ni mamdogo. Mie simo moyoni mwako na pengine nakosea, lakini najiuliza kama kweli Wete imekwisha visa, au siku hizi kila ukimtazama mtu kuna sauti ndani inakwambia "na huyu nae ataninunia". Mtu akiogopa kutazama atasema haoni kitu, na hatokuwa anadanganya. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kabisa, ila dawa zake ziko mbali mbali, ndo mana nakuomba ujiulize kabla hujakata tiketi ya boti.

Tuje kwenye kanzu, hapa ndo penye mambo. Unasema umechukua kanzu tu, kama mtu alieazima chumvi kwa jirani. Mwanangu, kanzu ndo hadithi yote. Urefu na ufupi, watoto, ualimu, hivyo ulivibadilisha na hakuna hata mmoja alievishughulikia kwa kuwa havikuwa na uzito. Watu wa grupu waliipenda hadithi kwa ile kanzu, na watu wa Wete wakamjua mamdogo kwa kanzu ile ile, yaani kilichoitia hadithi roho ndo hicho hicho kilichomvua mtu stara yake. Ukikitoa unabaki na mwanamke anaemngoja mume, na hao pwani hii wamejaa, hadithi inakuwa haina ladha. Ukikiacha, kuna mtu atajiona humo. Nadhani hili ndo swali lako la kweli, ila umelivisha nguo za Dar es Salaam.

Na kanzu hiyo hukuipata Lubumbashi. Uliipata ukiwa mtoto mlangoni kwa mamdogo, wakati wengine wote wa nyumba ile walikuwa wakipita tu. Jicho unalo, sioni kwa nini ndo likatafutwe Mbagala.

Lakini kuna mtu sikumuona vizuri kwenye barua yako, nae ni mamdogo mwenyewe. Umenambia kimo chake, watoto wake na biashara yake. Hukunambia unadhani anahisi nini. Unachukulia kuwa kanuna kwa kusemwa, na inawezekana. Inawezekana pia ile pasi ya Ijumaa ilikuwa jambo lake la peke yake, hajawahi kumwambia hata mama yako kwa nini anafanya vile, siri ya mtungi aijuaye kata, halafu ghafla anaisoma imepewa maana na mwisho na mtu mwengine, tena mwisho wenyewe wa kwa Kadhi! Au pengine ya Kadhi alikuwa keshayafikiria kimya kimya na hadithi ikamtoa mbele ya mumewe kabla hajawa tayari. Au wewe huna kosa lolote kwake ila anaona haya kwa watu wa mtaani. Hasira zako nazielewa, ila zimemjibu mtu ambae bado hajasema kitu.

Kwenda kwake ni njia moja. Ukienda na utetezi wa mrefu na mfupi sidhani kama mtafika mbali, lakini unaweza kwenda kununua mofa ukakaa, yeye akaongea akitaka. Hatari ipo. Anaweza kukwambia usiandike tena kitu chochote cha nyumba hii, na ukishauliza huwezi kujifanya hukusikia jawabu. Anaweza vilevile kukueleza kwa nini anaipiga pasi ile kanzu, na hapo utatamani kuandika upya hadithi nzima, na itabidi umuulize tena. Na usipokwenda kuna gharama yake pia, kwa sasa anaeilipa ni mama yako kila akipiga simu.

Mama yako usimpuuze kwa lile neno lake la umbea. Mie si shekhe, lakini sote chuoni tumesomeshwa Suratul Hujuraat, na aya yake ya 12 inakataza dhana, kupelelezana na kusengenyana, na mtu ambae kazi yake ni kuwatazama watu itaachaje kumgusa? Ila siko nae moja kwa moja. Umbea unamtaka mtu ajulikane, raha yake yote iko kwenye jina, bila ya jina haunogi. Hadithi inaweza kuishi bila ya jina la mtu. Inaweza, sikusema kila siku inaishi.

Tena jambo hili hapa kwetu si geni. Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarab alietoka Fumba akaja mjini, nyimbo nyingi za kundi lake zilitoka mitaani na mahakamani, mambo yaliyotokea kweli, na ndo watu walizozipenda, mpaka wakapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wimbo wa Kijiti umemtaja mtu kwa jina lake bila ya kumumunya maneno, kwa kuwa ulihusu mwanamke aliekuja Unguja kutembea akauliwa. Mtu anaweza kuushika mfano huu akajitetea nao, na mie naupenda, ila tazama tofauti: mauaji yalikuwa yashakuwa ya watu wote, na alietajwa ndo mwenye kosa. Mamdogo wako kosa lake ni kupiga pasi.

Sasa yale makaratasi ya dukani. Hukuniuliza, lakini mtu akikwambia andika ya kila siku, jicho litakwenda huko mwanzo, ndo mana nalisema. Hapa ntakuwa mkali kidogo. Yule mama anaekuletea madai yake ya Kadhi uyachape hakukupa kisa, kakupa amana, tena kwa kuwa mwenyewe hana kompyuta wala hajui kuchapa. Ikijulikana mara moja tu kuwa maneno ya barua yametoka, na wewe na bosi wako hamna duka. Ila baina ya barua na mwenye barua pana nafasi kubwa sana. Nani anaingia na mtu wa kumsindikiza na nani anangoja wateja wote watoke ndo aseme shida yake. Mzee anaekwambia "andika kwa adabu lakini aogope". Mtu unaemsomea maneno aliyokwambia mwenyewe dakika mbili nyuma na akiyasikia anaruka "siyo, mie sikusema hivyo". (Hawa nimewabuni mie, wako watakuwa bora zaidi.) Hapo hujafungua karatasi ya mtu, na hadithi imeshaanza. Na ule muda wa umeme kukatika unaoulalamikia, mashine zimenyamaza, watu wamekaa kibarazani hawana la kufanya ila kuongea! Kuna waandishi wangekulipa wakae hapo.

Nnavyoona mie watu wengi tunangoja hadithi nzima ishuke, na mwisho wake, ndo tuseme tumepata ilhamu. Jaribu kupunguza madai. Tafuta kitu kimoja tu kisichokaa sawa. Kwa nini mzee fulani ananunua umeme wa elfu moja kila siku na hanunui wa wiki? Kwa nini msimu wa karafuu majirani waliokosana, mvua ikija ghafla wanakimbiliana kusaidiana kuanua, halafu jamvi la mwisho likishaingia ndani kila mtu anarudi kwenye kununa kwake? Kiandike kitu hicho kwa sentensi moja, kwenye daftari ikiwezekana, mana simu ina grupu ndani yake. Usikipe mwisho. Kiache. Siku yoyote cha leo kitakutana na cha mwezi uliopita na hapo ndo utaona kinasogea.

Kukutanisha vitu vya watu mbali mbali pia kunasaidia stara. Chukulia ile kanzu ingekuwa kanga. Mwanamme mjane, yuko Makunduchi, kila Ijumaa anaipiga pasi kanga ya marehemu mkewe, na ana tabia ya yule mzee wa umeme wa elfu moja moja. Mamdogo angejiona humo? Pengine bado. Lakini Maskati isingepigwa simu. Wewe ulibadilisha yaliyoko juu ya mtu ukakiacha kitu chenyewe mahali pake, mume mbali, mke nyumbani, kanzu mlangoni. Ukijaribu kubadilisha nani anamngoja nani na kwa nini, huenda ukapata hadithi nyengine kabisa ambayo hukuifikiria. Huenda pia ukapata hadithi baridi, hilo siwezi kukuahidi, wapo wanaosema ukiosha sana rangi inatoka.

Njia nyengine ni kurudi nyuma. Waya wa umeme wa kupita baharini kutoka Tanga ulifika Pemba 2010. Kabla yake watu wakitegemea umeme wa mashine za dizeli, na wewe ulikuwa mdogo. Waulize wakubwa usiku ulikuwaje, nani alikuwa na redio, harusi zilimulikwa na nini, mtoto akiugua usiku ilikuwaje. Watu wanapenda kuulizwa ya zamani, na wengi wa waliomo hawapo tena wa kununa. Ila angalia, hadithi za zamani zina tabia ya kugeuka sifa tupu, kila mtu mwema, kila chakula kitamu.

Na Wete yupo mtu mmoja ambae huhitaji ruhusa yake kwa sheha wala kwa mume. Msichana anaechapa barua za kila mtu na ya kwake haijui aianze vipi, mwenye hasira na mtu anaempenda. Huyo hujamuandika kabisa, kwenye hadithi uliyonitajia hayumo. Sijui kwa nini, pengine ndo mgumu kuliko wote, na hata yeye akiandikwa ana mama ndani ya nyumba.

Haya, Dar. Sikwambii usende. Abdulrazak Gurnah kazaliwa Unguja 1948, akaondoka kijana akaenda Uingereza, 2021 akapewa Nobel ya fasihi, na riwaya zake nyingi zinarudi pwani hii hii yetu. Mmoja atasema umeona, lazima mtu aondoke. Mwengine atasema umeona, kaenda kote kule kuja kuandika ya kwao. Wote wawili wana haki. Umbali unawasaidia baadhi ya watu, na ukiwa Mbagala huenda hofu ya kununiwa ikapungua na Wete ukaiona vizuri zaidi kuliko ukiwa ndani yake. Lakini utazame mwaliko wenyewe ulivyo. Dada hakukuita ukaandike, kakuita ukae na watoto, na hana ubaya, ana shida yake. Watoto wadogo wakilala mchana, mkubwa anafua nguo zao. Daladala anazokusifia utazipanda saa ngapi? Na mshahara wa steshenari ukikatika, nyumbani kwa mama patakuwaje? Hukunambia, na wewe ndo unaejua. Ipo pia njia ya kwenda kutembea tu, wiki chache, nauli ya kurudi iko mfukoni na bosi keshaambiwa, ukaone kama kalamu inafunguka au inabaki vile vile. Isipofunguka nako itakuwa umejifunza kitu, ingawa kwa bei ya boti na likizo.

Grupu nalo nataka uliangalie. Hadithi ilitoka bila ya wewe kuulizwa, ikavuka bahari. Ukituma usiku na sifa zikija usiku ule ule ni tamu sana, naelewa, ila unakuwa umeshaitoa kabla hujaisoma kwa macho ya mtu wa mtaani. Labda pawe na mtu mmoja wa kuaminika, wa huko huko Wete, anaisoma mwanzo, na usimuulize kama ni nzuri. Muulize "umemjua nani humu?" Akitaja jina ujue hapo bado pana kazi. Hasara yake ni kuwa utakuwa polepole, na watu wa grupu wana haraka, wengine watakuacha.

Kuhusu shindano, soma masharti yake kwa utulivu. Mashindano mengi yanataka kazi ambayo haijasambazwa popote, na kanzu ishasambaa mpaka Maskati, kwa hivyo kama ulikuwa na mawazo ya kuipeleka hiyo, uliza kwanza. Tazama pia haki ya hadithi inabaki kwa nani ukishaituma. Muda ukikupita mwaka huu, umepita, yapo mengine.

La fungu sina elimu nalo. Sala ya istikhara ipo, hilo ni baina yako na Mola wako, Shangazi haingii.

Niandikie ukipata nafasi. Ukienda kwa mamdogo nambie alisema nini, na usipokwenda nambie pia, sitokulaumu. Msalimie mama sana, mwambie maneno yake ya umbea nayakubali nusu, hiyo nusu ya pili tutabishana siku nikifika Wete.